Barua ya Wazi kwa Msimamizi Asiyeiona Diski Z

Kwa Ndugu Administrator,
Kompyuta zote za ofisi,
Wilaya za Ngara na Biharamulo,
Mkoa wa Kagera.

YAH: KUSHINDIKANA KWA USAKINISHAJI WA PROGRAMU KUTOKA DISKI YA PAMOJA

Ndugu Msimamizi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua barua za namna hii huandikwa kwa Mkurugenzi, kwa Waziri, au kwa mheshimiwa mwingine mwenye gari na dereva. Lakini mheshimiwa huyo hawezi kuweka hata programu ya printa bila wewe. Akibonyeza tu, skrini inafifia, unajitokeza katikati na kuuliza kama anaruhusu. Na kama hajui paswedi yako, mazungumzo yameishia hapo. Kwa hiyo sikuona haja ya kupitia kwa wasaidizi. Nimekuja kwa mwenye mamlaka, akaunti iliyo ndani ya kila kompyuta kuanzia Kabanga hadi Nyakanazi, isiyostaafu, isiyohamishwa kituo na isiyowahi kuomba likizo.

Mamlaka yako hatuyapingi. Tunachouliza ni kwa nini ukishayashika unaacha kuona.

Mambo huwa hivi. Ofisi ina seva. Kwenye seva kuna folda ya pamoja, na folda hiyo imepewa herufi Z kwenye kila kompyuta ili watu wasihangaike na anwani ndefu. Humo ndimo vinamokaa vifurushi vya programu: antivairasi, programu ya printa, kisomaji cha PDF, na vingine ambavyo hakuna anayekumbuka nani alivileta. Karani anawasha kompyuta asubuhi, anaiona Z. Anafungua folda, anaona kifurushi, anakibonyeza mara mbili. Windows inamwambia kazi hii imezidi cheo chake, inamwita mkubwa. Unakuja. Paswedi inaandikwa, Ndiyo inabonyezwa, na wewe, mwenye amri juu ya kila faili na kila mtumiaji katika mashine ile, unatangaza kwamba diski Z haipo.

Karani anaiona. Mhudumu aliyekuja kukusanya vikombe vya chai anaiona. Wewe huioni.

Sababu yake haijafichwa. Tangu Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007, mtu mwenye cheo cha usimamizi akiingia kwenye kompyuta hupewa vitambulisho viwili: cha raia wa kawaida, anachotembea nacho, na cha mkubwa, kinachobaki mfukoni mpaka kihitajike. Herufi Z ilisajiliwa kwenye kikao cha yule raia. Mkubwa anapoitwa anafungua kikao chake, na kwenye kikao hicho hakuna aliyemsajilia Z. Kama karani hana cheo kabisa, na paswedi iliyoandikwa ni ya mtu mwingine, basi ndiyo zaidi: aliyeingia ni mgeni asiyejua lolote kuhusu diski za mwenye meza. Enzi za Windows XP tatizo hili halikusikika, kwa kuwa karibu kila mtu alifanya kazi kama msimamizi kutwa nzima, virusi vikiwemo.

Dawa zipo, wala si za kupeleka Dodoma kuombewa kibali. Unaweza kupewa anwani kamili ya seva, kama \\seva\programu, badala ya herufi, maana anwani haitegemei kikao cha mtu. Unaweza kufunguliwa dirisha la amri ukiwa na cheo chako na kuandikiwa net use Z: ikifuatwa na anwani hiyo, nawe ukasajiliwa kama binadamu wengine. Unaweza kuwekewa kwenye rejista thamani iitwayo EnableLinkedConnections, ikapewa 1, kompyuta ikazimwa na kuwashwa, na vikao viwili vikaanza kuonyeshana diski zao. Au, njia ninayoipenda kuliko zote, kifurushi kinakiliwe kwanza kwenye diski C, ndipo uitwe. Diski C unaiona hata usingizini.

Pamoja na hayo, miongozo inaendelea kuteremka kutoka juu ikiwa na maneno yaleyale: fungua diski Z, bonyeza mara mbili, fuata maelekezo. Aliyeuandika mwongozo hakuujaribu kwenye meza ya karani wa Rulenge. Aliujaribu kwenye kompyuta yake, kifurushi kikiwa tayari kimo ndani yake, akaona kimekubali, akaweka mhuri. Kikigoma huku, tunaandikiwa kuulizwa kwa nini wilaya iko nyuma katika utekelezaji.

Sasa nigeukie msaidizi wako, SYSTEM. Huyu ana nguvu zinazokuzidi hata wewe. Kifurushi kikisukumwa na huduma ya kompyuta au na sera ya mtandao badala ya mkono wa mtu, ndiye anayekipokea. Ndani ya kompyuta hakuna mlango anaobisha hodi. Akitoka nje kwa njia ya kebo, habari inabadilika. Kama ofisi ina domeini, yaani daftari moja la watumiaji na mashine zote za mtandao, anajitambulisha kwa jina la mashine. Lakini nani aliwahi kukumbuka kuipa mashine ruhusa ya kusoma folda? Ruhusa walipewa watu wa Uhasibu, wa Utumishi, wa Mipango. Na kama ofisi haina domeini, kama zilivyo ofisi nyingi ndogo ninazoitwa, SYSTEM anafika mbele ya seva bila jina lolote, na seva inamrudisha alikotoka. Sisi wa Ngara hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Mtu anayeongea Kihangaza, lugha inayosikilizana na Kirundi, akisimama mbele ya dirisha la ofisi na kuulizwa kitambulisho cha NIDA, anaelewa kabisa kwamba ukubwa wa nyumbani hauvuki kaunta.

Madereva wa malori ya Rusumo nao wana la kukusimulia. Zamani walikuwa wanasimama upande wa Tanzania, wanakaguliwa, wanavuka mto Kagera, wanasimama upande wa Rwanda na kuanza upya. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho Rais Magufuli na Rais Kagame walikizindua Aprili 2016, kilijengwa ili lori lisimame mara moja. Folda yako ya pamoja bado iko kwenye utaratibu wa zamani. Lango la kwanza ni ruhusa za kuifikia folda kupitia mtandao. Lango la pili ni ruhusa za faili zenyewe kwenye diski ya NTFS. Malango haya hayasemezani, na linalobana zaidi ndilo linaloshinda. Fundi anaingia kwenye seva, anafungua lango la pili kwa mapana yote, anapiga mluzi, anaondoka. Lango la kwanza bado linaruhusu kusoma tu. Kesho yake kifurushi kinachotaka kujifungulia palepale kilipo, au kuandika kumbukumbu zake kando yake, kinagoma, na lawama anabeba karani kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameshika panya.

Wapo mafundi waliochoka na malango, wakaamua kumpa kila mtu ruhusa zote, juu na chini. Nimezikuta ofisi za namna hiyo. Kweli hakuna kinachogoma. Hata kirusi hakigomi: kinaingia kwa flashi ya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kinapanda kwenye Z, kinajinakili ndani ya kila folda, na antivairasi ambayo ingekizuia ni mojawapo ya vifurushi vilivyoharibiwa. Vifurushi vinatakiwa kusomwa na wote na kuandikwa na mmoja. Ni kazi ya dakika chache, lakini mtu sharti apite malango yote mawili, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa.

Kuna mahali ambapo kusoma tu hakutoshi, nami naomba usipapuuze kwa sababu pana wagonjwa. Kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU zimetumia kwa miaka mingi kanzidata ya CTC2, iliyojengwa juu ya Microsoft Access. Faili ya Access ikiwekwa kwenye diski ya pamoja na kutumiwa na kompyuta zaidi ya moja, Access huunda kando yake kifaili kidogo cha kuandika nani yumo ndani. Mtumiaji akinyimwa ruhusa ya kuandika kwenye folda, kifaili hicho hakiundwi, na wa pili anajikuta ama yuko nje ama anaangalia bila kuweza kuingiza chochote. Mtandao ukikatika katikati ya kuandika, hasa ule usiotumia waya, kanzidata inaweza kuharibika. Nesi hawezi kuyajua haya, wala si kazi yake kuyajua. Anachokiona ni foleni kwenye benchi na skrini inayosema faili iko kwa mtu mwingine.

Niseme kwa haki kwamba siku hizi mifumo mingi ya Serikali inafunguliwa kwa kivinjari. MUSE ya malipo iko hivyo, NeST ya manunuzi iliyoanza kutumika mwaka 2023 iko hivyo, na GoT-HoMIS ya hospitali nayo hufunguliwa kwa kivinjari. Karani hasakinishi kitu, nawe husumbuliwi. Mimi kipato kinapungua, lakini nalala. Hata hivyo printa haifunguliwi kwa kivinjari. Skana haifunguliwi kwa kivinjari. Kwa hiyo bado tunahitajiana.

Sasa majina. Hapa, Ndugu Msimamizi, kosa ni la kwetu na sheria ni ya kwenu. Windows kwa kawaida inataka njia ya faili isizidi herufi 260, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina. Ukomo huo unaweza kulegezwa tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2016, lakini programu yenyewe lazima iwe imekubali, na nyingi hazijakubali. Ofisi zetu hazijui kuandika jina fupi. Folda ya kwanza inaitwa Idara ya Mipango na Uratibu. Ndani yake kuna Taarifa za Utekelezaji wa Shughuli za Maendeleo Robo ya Pili. Ndani yake Marekebisho Baada ya Kikao cha Wataalamu. Ndani yake Ya Mwisho. Ndani yake Ya Mwisho Kabisa Usifute. Humo chini, mahali ambapo jua halifiki, ndipo mtu amehifadhi kifurushi cha printa, nacho kikijaribu kufungua folda zake mwenyewe kinagonga dari. Ujumbe unaotoka unasema faili haipatikani. Faili ipo, jina lake tu ndilo limekuwa refu kuliko bajeti ya robo hiyo ya pili.

Seva yenyewe mara nyingine ndiyo mzee wa ofisi. Ipo chini ya meza, inanguruma, na imekuwepo kabla Chato haijahamia mkoa mpya wa Geita. Kompyuta mpya zinaletwa, zinaunganishwa, na hazioni hata alama yake. Maneno ya mtaani yanasema kompyuta mpya ni feki. Si feki. Seva za kizazi cha Windows Server 2003 hujua kuongea lugha moja tu ya kushirikisha faili, SMB1, ileile ambayo kirusi cha WannaCry kiliipitia Mei 2017 na kusambaa duniani. Baadaye mwaka huohuo, toleo la Windows 10 la vuli lilianza kuiondoa lugha hiyo kwenye kompyuta mpya, na baadhi ya matoleo yalianza pia kukataa folda zinazofunguliwa kwa jina la mgeni bila paswedi. Fundi wa haraka anairudisha SMB1, kazi inakwenda, anakunywa soda, anaondoka na hela yake. Ameacha wazi mlango ambao dunia nzima ilikwisha kuambiwa iufunge. Windows Server 2003 iliacha kuhudumiwa na watengenezaji wake Julai 2015. Seva ya namna hiyo inastahili barua ya kustaafu na cheti cha utumishi uliotukuka.

Naja kwenye mtandao na umeme, nikiomba radhi kwa hasira. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita kwetu. Unafika mpaka wa Rusumo kwenda Rwanda na mpaka wa Kabanga kwenda Burundi. Mtambo wa umeme wa Rusumo, wenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya nchi tatu, uko kwenye mto unaotutenganisha na Rwanda, na umeme wa upande wetu husafirishwa kwa njia ya kilovolti 220 hadi kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi, Biharamulo. Kwa hiyo wilaya hizi mbili hazina uhaba wa vitu vikubwa vinavyopita. Kinachokosekana ni kebo nzima kutoka kwenye swichi hadi mezani kwa karani, na betri ya UPS inayodumu muda wa kunakili faili moja.

Umeme ukikatika katikati ya kunakili, inabaki faili yenye jina sahihi na tumbo tupu nusu. Kesho yake mwingine anaikuta, anaibonyeza, anapewa namba 1620, yaani kifurushi hakikuweza kufunguliwa. Anaita fundi. Fundi anapanda basi dogo, anapita Benaco, Nyakahura na Lusahunga akiwa amebanwa nyuma ya malori, anafika Biharamulo na kugundua kwamba faili ni ndogo kuliko ya kwenye seva. Mtu yeyote angeweza kulinganisha ukubwa wake. Anayetaka uhakika zaidi angeandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na kuona kama alama ya vidole ya nakala inafanana na ya asili. Nauli yangu ya kwenda Biharamulo imelipwa mara nyingi na amri hiyo moja ambayo hakuna aliyeiandika.

Na hizi namba zako! Namba 1603 maana yake ni kwamba kuna jambo baya limetokea wakati wa kusakinisha. Basi. Halisemwi lipi, wapi, wala nani aulizwe. Hata ofisi zetu, ambazo zina ufundi wake katika kutojibu, hazijafika hapo. Namba 1706 ina adabu kidogo: inasema chanzo cha kifurushi hakipatikani. Hiyo huja pale programu iliyosakinishwa miaka iliyopita kutoka Z inapotaka kujirekebisha, ikarudi Z kutafuta kifurushi chake cha asili, ikakuta kimefutwa ili kupisha video za send-off ya mtu wa Utumishi. Programu haisahau ilikozaliwa. Watu ndio wanaosahau.

Kwa wanaosoma barua hii wakiwa na tatizo mezani: msiridhike na namba. Nakilini kifurushi kwenye diski C, kwenye folda yenye jina fupi, mkihakikisha kwanza kwamba hiyo C ina nafasi, kwa kuwa hata kifurushi kilichoko kwenye seva hujifungulia huko. Kisha fungueni dirisha la amri kwa cheo cha huyu bwana, mkiendeshe kwa msiexec /i, jina la kifurushi, halafu /L*v na jina la faili la kuandikia kumbukumbu. Kikigoma, fungueni kumbukumbu hizo na mtafute maneno Return value 3. Mistari iliyo juu yake kidogo ndiyo inayosema ukweli. Ni kumbukumbu ndefu na zinachosha kama za kikao cha bajeti, lakini tofauti na za kikao, hizi hazihaririwi na mwenyekiti.

Kifurushi kikikubali kutoka C na kukataa kutoka Z, acheni kukilaumu kifurushi. Tatizo ni njia, ruhusa au mtandao, na mmekwisha kuokoa nusu ya kazi. Kikigoma hata kutoka C, basi seva haina hatia na mhusika wa seva aachwe anywe chai yake.

Ndugu Msimamizi, naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wafadhili. Miongozo yote itakayoandikwa kwa jina lako itaje anwani kamili ya seva, isitaje herufi. Folda ya vifurushi itengwe na folda za taarifa, iwe ya kusomwa na wote na kuandikwa na mmoja anayejulikana kwa jina, na vifurushi vya zamani visifutwe ilimradi programu zake bado zinatumika. Seva inayojua SMB1 pekee istaafishwe kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Na kabla ya waraka wowote wa usakinishaji kuteremshwa wilayani, aliyeuandika akae kwenye kompyuta ya karani, aingie kwa jina la karani, aufuate waraka wake mwenyewe mpaka mwisho, kisha ndipo atie saini.

Naomba kuwasilisha.

Fundi kompyuta,
Ngara.

Nakala: Mtu wa Utumishi. Video zako zimenakiliwa kwenye flashi; tafadhali uichukue, na usizirudishe kwenye seva.